Folda Moja, Sura Tatu: Uchambuzi wa Kisa cha Ofisi ya Dagaa Mwaloni Kirumba

Kisa kinachochambuliwa hapa kilitokea katika ofisi ndogo ya wauzaji wa dagaa, karibu na Mwaloni wa Kirumba, yaani mahali pa kushushia na kuuzia samaki, Manispaa ya Ilemela, Mwanza. Ofisi hiyo ina kompyuta moja ya mezani yenye Windows 10, nayo hutumiwa kwa kupokezana na watu watatu: karani anayepokea mizigo tangu alfajiri, mama mweka hazina anayefunga hesabu mchana, na kijana wa mzani ambaye kazi yake nyingine ni kuhifadhi picha za risiti. Kila mmoja ana akaunti yake na nenosiri lake. Niliitwa, kwa kuwa kuhudumia kompyuta za ofisi za namna hii ndiyo kazi yangu, baada ya karani kutoa taarifa kwamba kumbukumbu za mizani za giza zima, yaani za kipindi kizima cha uvuvi wa usiku zisizo na mbalamwezi kali, zimefutwa. Hazikuwa zimefutwa. Zilikuwa palepale zilipowekwa, zimekamilika, ila folda ilikuwa imebadilika sura kwenye skrini kiasi kwamba aliyezihitaji hakuziona, na gari la mnunuzi lilikuwa limeshasimama nje likisubiri hesabu.

Ninakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu jambo lenyewe hudharauliwa. Namna folda zinavyoonekana kwenye kompyuta, yaani ukubwa wa aikoni, utaratibu wa kupangwa kwake, makundi, alama na mahali zinapokaa kwenye skrini, huhesabiwa na wengi kuwa ni mapambo ya mtu mwenye nafasi. Katika ofisi ambayo kumbukumbu zake ndizo ushahidi wa nani alileta magunia mangapi na nani anamdai nani, mwonekano wa folda ni sehemu ya uwekaji hesabu, sawasawa na mistari ya daftari la leja. Kisa hiki kinaonyesha pia jambo ambalo watumiaji wengi hawajawahi kuelezwa: sehemu kubwa ya mwonekano wa folda haikai ndani ya folda, bali hukaa katika akaunti ya mtu anayeitazama, sehemu ndogo hukaa katika faili iliyofichwa ndani ya folda, na kitu kinachoifuata folda kila iendako, bila masharti, ni jina lake.

Ili tatizo lieleweke, ni lazima kwanza ieleweke kazi yenyewe inavyokwenda. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi zaidi taa za betri na za umeme wa jua. Taa huwavuta dagaa vizuri usiku unapokuwa wa giza, kwa hiyo mbalamwezi inapokuwa kali mitumbwi hupumzika, nyavu hushonwa na watu hukaa kugawana mapato. Mwaka wa mwaloni, basi, hufuata giza kuliko unavyofuata miezi ya kalenda. Mzunguko mmoja wa mwezi ni siku 29 na nusu hivi, na giza lililoanza baada ya katikati ya Machi huishia Aprili. Mzigo unaoshuka Kirumba kutoka Ukerewe, Kome na visiwa vya mbali zaidi kama Goziba hupimwa na kuandikwa chini ya giza lake, na mnunuzi, awe wa Mwanza mjini au wa kutoka Burundi na Kongo, akihitaji hesabu ya nyuma huuliza kwa giza, hataji mwezi.

Kwa sababu hiyo ofisi iliunda folda kuu iitwayo HESABU kwenye diski D, na ndani yake folda moja kwa kila giza. Uamuzi wa kuiweka diski D ulikuwa mzuri. Eneo-kazi la kompyuta, ule uso unaojitokeza mtu anapoingia katika akaunti yake, kwa Windows ni folda kama folda nyingine, na hukaa ndani ya akaunti ya mtumiaji kwenye diski C. Mtumiaji wa kawaida haoni kilicho katika eneo-kazi la mwenzake, na mfumo ukiharibika hadi diski C ikafutwa ili uwekwe upya, vilivyoachwa kwenye eneo-kazi hupotea pamoja nao. Kilichotakiwa kuwepo kwenye eneo-kazi la kila mmoja ni njia ya mkato tu ya kuifikia folda iliyo diski D, na karani na mweka hazina walikuwa nayo.

Nilipoomba kuonyeshwa, karani alifungua njia yake ya mkato. Kwa kawaida dirisha lake lilikuwa na orodha nyembamba: jina upande wa kushoto, tarehe katikati, ukubwa upande wa kulia. Safari hii lilijaa aikoni kubwa, na juu ya kila fungu la aikoni palikuwa na kichwa cha habari cha Kiingereza, kwa maana kompyuta ile, kama nyingi za mjini hapa, iko katika lugha hiyo. Fungu la kwanza lilikuwa la vitu vilivyoguswa jana, la pili la wiki iliyopita. La tatu, lililoandikwa "Earlier this year", lilikuwa kichwa kitupu chenye mshale mdogo pembeni, na chini yake hapakuwa na kitu. "Fundi, tazama mwenyewe," alisema, "giza la Machi halipo, la Aprili halipo." Nilibofya ule mshale. Fungu likafunguka na folda zote zikatokea, za Machi na za Aprili na nyingine kadhaa ambazo alikuwa bado hajagundua kwamba hazionekani.

Hapo mgogoro wa siku ile ulikwisha, kwa kuwa mnunuzi alipata hesabu yake akaondoka. Sababu zake zilibaki, nazo zilikuwa zimefungamana.

Sababu ya karibu ilikuwa upangaji wa makundi. Mtu akibofya kitufe cha kulia cha kipanya katika nafasi tupu ya dirisha la folda, menyu inayofunguka ina mistari miwili inayofuatana, "Sort by" na "Group by". Wa kwanza hupanga vitu kwa utaratibu fulani. Wa pili huvigawa katika mafungu yenye vichwa, na kila fungu linaweza kukunjwa likabaki kichwa tu. Asubuhi moja kijana wa mzani alikuta kompyuta iko wazi katika akaunti ya karani, na kwa haraka ya kutafuta risiti ya mwisho alitaka kupanga kwa tarehe, akaangukia mstari wa pili. Baadaye, kwa kutafuta nafasi kwenye skrini, akakunja fungu ambalo hakulihitaji. Windows iliuweka mpangilio huo kama matakwa ya akaunti ya karani. Siwezi kumlaumu kijana, kwa sababu mistari ile miwili imekaa karibu mno, na hakuna onyo lolote linalomjulisha mtu kwamba ameficha kitu.

Mama mweka hazina, kwa upande wake, alipofungua folda ileile katika akaunti yake, aliiona kama siku zote. Ndiyo maana kwa muda wa kutosha kulikuwa na hali ya kutoaminiana ofisini: mmoja anasema vitu vimefutwa, mwingine anasema anaviona, na kila mmoja anasema kweli. Windows huhifadhi ukubwa wa aikoni, utaratibu wa kupanga na mafungu katika rejistri, yaani hifadhi yake ya mipangilio, chini ya kila mtumiaji peke yake. Folda moja iliyo diski D inaweza kuwa na sura tatu kwa watu watatu, na hakuna hata mmoja atakayejua sura ya mwenzake mpaka wakae pamoja mbele ya skrini. Laiti jambo hili lingekuwa linasemwa mapema katika mafunzo ya kompyuta, kabla hata ya kufundishwa kuandika barua, ofisi nyingi zingeepushwa na tuhuma za bure.

Lakini aikoni kubwa zilitoka wapi, kwa kuwa upangaji wa makundi peke yake haubadilishi orodha kuwa picha? Hii ilikuwa sababu ya pili. Windows hutazama kilichomo ndani ya folda na kuipa aina mojawapo kati ya tano: vitu vya jumla, nyaraka, picha, muziki au video. Kila aina ina mwonekano wake wa kuanzia. Picha za risiti zilizotoka kwenye simu zilikuwa zimetupwa moja kwa moja ndani ya HESABU badala ya kuwekewa folda yao, na zilipozidi vitu vingine Windows iliihesabu folda kuu kuwa ya picha, ikaionyesha kwa vijipicha vikubwa. Katika akaunti ya mweka hazina hilo halikutokea, kwa kuwa yeye alikuwa ameshachagua orodha kwa mkono wake na chaguo lake likaheshimiwa.

Sababu ya tatu niliiona kwenye akaunti ya kijana wa mzani mwenyewe, na kwa maoni yangu ndiyo iliyokuwa ya hatari kuliko zote. Kwenye eneo-kazi lake palikuwa na folda HESABU yenye aikoni ileile ya manjano, lakini haikuwa na kale kamshale kadogo ka kona ya chini kushoto kanachoitambulisha njia ya mkato. Ilikuwa folda kamili. Alikuwa ameiburuta kwa kipanya kutoka diski D akidhani anajiwekea mlango wa karibu. Kuburuta kitu ndani ya diski hiyohiyo hukihamisha. Kukiburuta kutoka diski moja kwenda nyingine hukinakili. Kwa kuwa eneo-kazi liko diski C, alichopata ni nakala nzima ya hesabu, na tangu siku hiyo baadhi ya risiti zilikuwa zikiingia katika nakala hiyo, ndani ya akaunti ambayo wenzake hawawezi kuiona. Hakuna aliyekuwa amelalamikia risiti hizo kwa sababu hakuna aliyejua kwamba hazipo.

Tulianza na hilo. Nakala ilibadilishwa jina kwanza, ikaitwa "HESABU nakala isitumike", ili hata kama kazi ingekatizwa njiani asije mtu akaandika humo tena. Kisha risiti zilizokuwa humo tu zilihamishiwa diski D baada ya kulinganishwa jina, ukubwa na tarehe, na mweka hazina akakaa pembeni akihakiki moja baada ya nyingine kwa daftari lake la karatasi, jambo lililochukua muda mrefu na lililostahili muda huo. Kijana alionyeshwa namna ya kutengeneza njia ya mkato kwa kuburuta huku ameshikilia kitufe cha kulia cha kipanya, ambapo akiachia huulizwa kama anataka kunakili, kuhamisha au kutengeneza njia ya mkato. Ninaipendelea njia hiyo kuliko kuburuta kwa kitufe cha kushoto kwa sababu humlazimu mtu kusema anachotaka.

Baada ya hapo tuligeukia majina, na hapa ndipo mjadala ulipokuwa mkali. Folda zilikuwa zimeitwa "Giza la Januari", "Giza la Februari" na kuendelea. Zikipangwa kwa jina, kompyuta haijui miezi, inajua alfabeti. Katika Kiswahili hilo huanza na Agosti, kisha Aprili, Desemba, Februari, Januari, Julai, Juni, Machi, Mei, Novemba, Oktoba, na mwisho Septemba. Ndiyo maana karani na kijana walikuwa wamezoea kukimbilia kupanga kwa tarehe, na tarehe ya folda nayo ina udanganyifu wake: hubadilika kitu kinapoongezwa, kuondolewa au kubadilishwa jina moja kwa moja ndani ya folda hiyo, lakini kazi inayofanyika katika folda ya ngazi ya chini yake haiigusi. Folda ya giza la zamani iliyoongezewa risiti moja iliyochelewa hupanda juu kabisa, na folda ya giza la sasa, ambayo kazi yake yote iko katika folda zake ndogo, hubaki chini kama iliyosahaulika.

Faili za kila siku zilikuwa na kasoro ya namna hiyohiyo. Karani aliandika tarehe kama tunavyoiandika sote, siku kwanza, kwa vistari, kwa sababu Windows hairuhusu mkwaju (/) katika jina la faili. Matokeo yake ni kwamba 01-03, 01-04 na 01-05 zilikaa pamoja juu, zikifuatiwa na tarehe mbili za miezi yote, na siku zinazofuatana za giza moja zikatawanyika orodha nzima.

Dawa ya yote mawili ni moja, nayo ni kuandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, kwa tarakimu. Huo ndio utaratibu wa kiwango cha kimataifa cha ISO 8601 kilichotolewa mwaka 1988, na faida yake kwa folda ni kwamba utaratibu wa jina na utaratibu wa wakati huwa kitu kimoja. Picha nyingi za risiti zilizokuja kwa WhatsApp kutoka simu ya Android zilikuwa tayari na majina ya namna hiyo, zikianza na IMG na kufuatiwa na mwaka, mwezi na siku bila nafasi, kwa hiyo hatukuzigusa.

Swali lililobaki lilikuwa giza lipewe mwezi upi. Karani alitaka mwezi ambao giza linaishia, kwa kuwa ndipo watu hugawana. Mama mweka hazina alitaka mwezi linapoanzia. Mimi sikuwa na haki ya kuamua jambo la mwaloni, lakini nililazimika kueleza kwamba mwezi peke yake hautoshi kwa vyovyote: mizunguko ya siku 29 na nusu haiingii sawasawa katika mwaka, kwa hiyo kuna miaka ambayo giza huanza mara 13 na mwezi mmoja wa kalenda ukabeba mianzo miwili. Folda mbili zingetaka jina moja. Walikubaliana kutumia tarehe ya usiku wa kwanza boti kutoka, na folda ya kwanza tuliyoibadilisha ikawa "2025-03-19 Giza". Neno Giza lilibaki kwa ombi la mweka hazina, ili mtu mgeni akifungua asidhani ni hesabu ya siku moja, na nadhani alikuwa na haki kabisa.

Majina yalipokamilika, kupanga kwa jina kukawa ndiko kupanga kwa wakati, na haja ya mafungu ikaondoka. Ndipo tukaweka mwonekano. Katika sifa za folda HESABU, kwenye ukurasa ulioandikwa "Customize", tulichagua iwe folda ya vitu vya jumla na kuagiza chaguo hilo lifike kwenye folda zote za ndani, ili Windows isiendelee kukisia aina yake kwa kutazama picha. Tukaweka orodha yenye safu, ambayo pia hupatikana haraka kwa kubonyeza Ctrl, Shift na 6 kwa pamoja, tukafuta mafungu, tukapanga kwa jina. Kisha, katika dirisha la machaguo ya folda, tukabonyeza "Apply to Folders".

Kitufe hiki kinahitaji maelezo, kwa sababu watu wengi hukibonyeza, huona folda fulani haikubadilika, na huamua kwamba hakifanyi kazi. Hakisambazi mwonekano kwa folda zote za kompyuta. Huusambaza kwa folda zote za aina moja na ile iliyo wazi wakati wa kukibonyeza. Ukikibonyeza ukiwa katika folda ya vitu vya jumla, folda za picha hubaki kama zilivyo, na hilo ni jema, maana folda ya RISITI tuliyoiunda siku ile tuliiacha makusudi kuwa ya picha, yenye vijipicha vikubwa. Risiti ya kibali cha kusafirishia mzigo hutambulika kwa macho, kwa muhuri na rangi ya karatasi, kabla mtu hajasoma herufi hata moja. Kuilazimisha iwe mstari katika orodha ni kumnyima kijana msaada wa macho yake. Hatua hizi zote zilirudiwa katika akaunti ya kila mmoja, kwa sababu ile niliyokwisha kuieleza, na kila mmoja alizifanya kwa mkono wake nikiwa nimekaa kando.

Mweka hazina alikuwa na ombi moja zaidi: folda ya VIBALI itofautiane na nyingine, kwa kuwa ndiyo inayohitajika gari likiwa limeshawashwa. Windows 10 haina chaguo la kubadili rangi ya folda moja moja, lakini inaruhusu kubadili aikoni. Ukifanya hivyo, Windows huandika faili iitwayo desktop.ini ndani ya folda husika, faili iliyofichwa inayosema aikoni iko wapi, na huiwekea folda alama ya kusomwa tu, ambayo kwa folda haizuii kuandika ndani yake bali ni ishara kwa Windows kwamba kuna desktop.ini ya kutazamwa. Kasoro ya njia ya kawaida ni kwamba huandika anwani kamili ya picha ya aikoni, kuanzia herufi ya diski. Aikoni ikiwa kwenye flashi, siku flashi ikichomolewa folda inaweza kurudi kuwa ya manjano. Kwa hiyo tuliiweka picha ya aikoni ndani ya VIBALI yenyewe, tukaificha, na katika desktop.ini tukaacha jina la faili tu bila anwani. Tuliongeza pia mstari wa InfoTip, unaofanya maneno mafupi yatokee mtu anaposimamisha kipanya juu ya folda: "Vibali vya kusafirisha. Picha ziende RISITI."

Faili hiyohiyo ya desktop.ini ilikuwa imewahi kuleta hofu ofisini humo. Mtu fulani aliwahi kuagiza Windows ionyeshe hata faili za mfumo zilizofichwa, na kwenye eneo-kazi la karani zikatokea faili mbili za desktop.ini zenye rangi iliyofifia. Karani alidhani ni virusi, akazifuta, na zilipotokea tena akazidi kuamini hivyo. Si virusi. Zinakuwa mbili kwa sababu eneo-kazi linaloonekana ni muungano wa folda mbili, ya mtumiaji mwenyewe na ya pamoja ya watumiaji wote wa kompyuta ile, na kila moja ina yake. Tulirudisha agizo la kuzificha, na hofu ikaisha.

Kuhusu eneo-kazi lenyewe nitasema machache. Kila mmoja alikuwa amepanga aikoni zake kwa mahali: za mzani kona hii, za vibali kona ile. Umeme ukikatika ghafla, Windows huenda isipate nafasi ya kuandika mahali zilipokuwa, na skrini ikiwaka kwa ukubwa tofauti na wa kawaida aikoni husogezwa zote upande wa kushoto. Ofisi haina UPS, kifaa kinachoipa kompyuta umeme kwa muda mfupi umeme wa kawaida unapokatika, nami niliwashauri wainunue kwa ajili ya usalama wa hesabu zenyewe kabla ya kufikiria aikoni. Kwa wakati uliopo tuliwasha upangaji wa moja kwa moja kwa jina, na njia za mkato zikapewa tarakimu mwanzoni: 1 MIZANI, 2 VIBALI, 3 RISITI, 4 HESABU. Zikitawanyika, zitarudi katika utaratibu huohuo bila mtu kuzishika. Kijana pia alikubali kuondoa picha ya Jiwe la Bismarck wakati wa machweo iliyokuwa nyuma ya aikoni zake, picha nzuri kwelikweli, lakini maandishi meupe ya majina ya folda yalikuwa yakizama katika mng'aro wa maji.

Hatua zilizotajwa hapa hufanyika vilevile katika Windows 11, isipokuwa baadhi ya menyu zimehamishwa, na ofisi itazihitaji huko karibuni, kwa kuwa Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Uthibitisho wa kile nilichokuwa nikikidai kuhusu majina ulikuja kwa njia ambayo hatukuipanga. Mkaguzi wa hesabu alifika na kompyuta yake ya Mac, akachukua HESABU yote kwa flashi. Mac haisomi desktop.ini, na mipangilio yake ya mwonekano huiandika katika faili yake nyingine iliyofichwa, iitwayo .DS_Store. Kwenye skrini yake VIBALI ilikuwa folda kama nyingine, maneno ya InfoTip hayakuwepo, na orodha yenye safu tuliyoihangaikia haikuwepo pia. Magiza yote, hata hivyo, yalikaa yakifuatana tangu la kwanza hadi la mwisho, na siku za kila giza zikafuatana ndani yake, naye akaanza kazi bila kumuuliza mtu aanzie wapi. Flashi iliporudi ilikuwa na faili kadhaa za .DS_Store, na safari hii karani aliuliza kwanza kabla ya kuzifuta.

Jambo moja limebaki bila kubadilishwa. Katika akaunti yake, kijana wa mzani ameirudisha HESABU kwenye aikoni kubwa, na mama mweka hazina aliponiuliza kama aizuie hali hiyo nilimjibu kwamba hakuna sababu, kwa kuwa sura hiyo ni ya akaunti ya kijana peke yake, na folda anayoifungua ni ileile ya diski D.